Mchezo Upi kwa Nani: Ulinganisho wa Michezo ya Simu, ya Runinga na ya Mezani kwa Wakazi wa Nairobi

Mkazi wa Nairobi anayetaka kucheza hupungukiwa na mwenzake kabla ya kupungukiwa na pesa au simu nzuri. Mmoja hutoka kazini Industrial Area saa kumi na moja jioni na kufika Kitengela saa mbili usiku, mwingine ana zamu ya usiku hospitalini, na wa tatu ana duka Githurai ambalo halifungwi kabla ya saa tatu. Kwa sababu hiyo, ulinganisho huu unaipima michezo kwa mambo matatu: idadi ya watu wanaotakiwa kuwa pamoja kwa wakati mmoja, muda usiokatizwa ambao mchezo wenyewe unadai, na gharama inayoendelea baada ya ununuzi, yaani bando, stima na vitu vinavyouzwa ndani ya mchezo. Sifa ya mchezo duniani nimeiweka nyuma ya hayo matatu, kwa maana mchezo uliosifiwa kote ambao hautoki kabatini hata mara moja kwa mwezi umekula pesa bure.

Anayecheza peke yake, njiani na nyumbani

Kwa msafiri wa matatu, michezo inayotajwa mara nyingi ni Candy Crush Saga na Subway Surfers, yote miwili ya mwaka 2012, na yote miwili huchezeka bila bando. Tofauti yao ni kubwa kuliko inavyoonekana. Subway Surfers inadai macho na kidole bila kupumzika, na barabara yenye matuta humfanya mchezaji aanguke kwa kosa lisilo lake. Candy Crush inamngoja mchezaji afikiri, lakini ina mtego wake: unapewa uhai mara tano, kila unaposhindwa unapungua mmoja, na uhai mmoja huchukua nusu saa kurudi isipokuwa ukubali kulipa. Anayejijua kuwa hana subira asiuanze.

Chaguo langu kwa safari ni mafumbo ya sataranji katika programu ya Lichess, ambayo ni ya bure kabisa, haina matangazo, na huendeshwa na shirika la Ufaransa lisilotafuta faida. Mafumbo hupakuliwa nyumbani na kutatuliwa njiani bila mtandao, kila moja kwa dakika moja au mbili, na ukifika steji unafunga simu bila kupoteza chochote. (Mchezo wowote unaokulazimu kuinua simu karibu na dirisha lililo wazi kwenye foleni ya Globe haufai, hata ukiwa mzuri kiasi gani, na sababu yake kila abiria anaijua.)

Aliye peke yake jioni nyumbani ana mahitaji tofauti, kwa kuwa anaweza kukaa na mchezo kwa saa nzima. Huyo namwelekeza kwa Stardew Valley, mchezo wa mwaka 2016 uliobuniwa na mtu mmoja, Eric Barone, unaohusu kulifufua shamba lililoachwa. Siku moja ya shambani huchukua takriban dakika 14, ukiisha kuununua haukudai senti nyingine, na hauhitaji mtandao.

Marafiki wawili ambao saa zao hazikutani

Kundi hili husahauliwa, ingawa nadhani ndilo kubwa zaidi jijini. Michezo mingi ya mtandaoni hudhani kwamba wachezaji wawili wako huru kwa wakati mmoja. Sataranji ya masafa, inayopatikana pia kwenye Lichess, haidhani hivyo: mnakubaliana kila mmoja awe na muda wa siku moja hadi siku 14 kwa kila hatua. Mwenye zamu ya usiku husogeza farasi wake alfajiri, mwenye duka hujibu baada ya kufunga hesabu, na mchezo mmoja unaweza kudumu miezi miwili bila yeyote kuona kwamba amebanwa. Bando linalotumika ni dogo mno. Ubaya wake ni kwamba mtu hupoteza mkondo wa mawazo, na akiwa na michezo mingi kwa pamoja huanza kusogeza vipande kwa mazoea, kwa hiyo ni heri kuwa na michezo michache.

Drafti ni kinyume chake. Pale steji ya bodaboda, ubao uliochorwa kwenye kipande cha mbao na vizibo vya soda, vya upande mmoja vikiwa vimeinama na vya upande wa pili vikiwa chali, hutosha kuwakutanisha watu ambao hata majina hawajuani. Gharama yake ni sufuri, mchezo mmoja huisha kabla abiria hajapatikana, na watazamaji ni sehemu ya raha yenyewe. Jambo moja tu: kanuni hutofautiana kutoka mtaa hadi mtaa, hasa kuhusu namna kipande kilichofika mwisho kinavyoruhusiwa kutembea na kama kula ni lazima, kwa hiyo ulizia kabla ya kuketi. Kwa anayetaka ushindani wa kweli bila kununua chochote, drafti inaishinda sataranji kwa upatikanaji wa wapinzani, nayo sataranji inaishinda drafti kwa vitabu, vilabu na mashindano ya shule.

Wapenzi wa kandanda

Hapa ulinganisho ni kati ya EA Sports FC na eFootball. Mchezo wa kwanza ndio ule uliojulikana kama FIFA tangu mwaka 1993 hadi jina lilipobadilishwa mwaka 2023, na wa pili ni wa kampuni ya Konami, uliorithi nafasi ya PES, mchezo wa kandanda wa awali wa kampuni hiyo, mwaka 2021 na kufanywa wa bure. EA Sports FC una ligi nyingi zaidi zenye majina na jezi halisi na unafaa zaidi watu wawili walioketi kwenye kochi moja. eFootball unafaa mwenye simu tu, asiye na konsoli, lakini karibu kila mechi hutaka mtandao imara, na mtandao ukisitasita dakika ya 88 hakuna wa kumlalamikia.

Kuhusu matoleo mapya, ushauri wangu ni mkali kidogo. EA Sports FC hutoka kila mwaka, na kinachobadilika zaidi kati ya toleo na toleo ni orodha ya wachezaji. Asiyejali kwamba mshambuliaji fulani bado anavaa jezi ya klabu aliyokwisha kuihama atapata mchezo ule ule kwa bei ya chini sana akinunua diski ya mwaka uliopita katika maduka ya katikati ya jiji, na diski hiyo anaweza kuiuza tena, jambo lisilowezekana kwa mchezo uliopakuliwa. Na kabla ya kununua konsoli yenyewe, apige hesabu ya vibanda vya PlayStation vya mtaani, ambako hulipwa kwa mechi. Anayecheza mechi chache Jumamosi peke yake atakaa miaka mingi kabla ya malipo yake kufikia bei ya konsoli, padi mbili na runinga, na kibandani atapata wapinzani ambao sebuleni kwake hawapo.

Kwa anayependa mapambano badala ya kandanda, Tekken ndio mlango uliozoeleka hapa kwetu. Sylvia Gathoni, Mkenya anayejulikana kwa jina la QueenArrow, alijipatia sifa nje ya mipaka kupitia Tekken 7. Mpambano wake ni mfupi, wachezaji wawili wanatosha, na anayeshindwa hupokeza padi bila ubishi mrefu.

Familia iliyokwisha kuketi pamoja

Jumapili alasiri, wageni wakiwa wamekuja na chai ikiwa mezani, tatizo la saa zisizokutana halipo tena, na hapo ndipo michezo ya mezani inapostahili pesa. Tatizo linakuwa jingine: nyanya ana miaka sabini, mjukuu ana saba, na mjomba hataki kusomewa kanuni.

Ludo ndiyo salama kuliko yote. Ilisajiliwa Uingereza mwaka 1896 kutokana na pachisi ya Kihindi, kila mtu anaijua, dadu humpa mtoto nafasi sawa na mtu mzima, na ubao wake kwa kawaida huwa na nyoka na ngazi upande wa pili. Ludo King ya simu huwaruhusu watu wanne kupokezana simu moja bila mtandao, na ni nzuri safarini, lakini nyumbani siipendekezi: simu hutupa dadu na kuhesabu hatua kwa niaba yenu, na mtoto wa miaka saba hukosa ile hesabu ambayo ndiyo faida yake kubwa katika mchezo huu.

Monopoly naiona imesifiwa kupita kiasi. Hudumu saa mbili, tatu au zaidi, na anayefilisika mapema hubaki akitazama wengine. Sehemu ya lawama hiyo, hata hivyo, ni yetu sisi wachezaji, kwa sababu kanuni zilizochapishwa zinasema kwamba mtu akifika kwenye kiwanja na asitake kukinunua, kiwanja hicho hupigwa mnada pale pale, na nyumba nyingi huiruka kanuni hii. Mkiifuata, viwanja huisha upesi na mchezo hufupika sana. Wenye hamu ya kununua na kujenga bila kufilisiana wajaribu Catan, iliyobuniwa na Klaus Teuber mwaka 1995, kwa watu watatu au wanne na kwa muda wa saa moja hadi moja na nusu. Ndani yake watu hubadilishana ngano kwa matofali na kondoo kwa mbao, na mwenye kipawa cha mazungumzo ya soko la Gikomba ana faida. Ticket to Ride ya Alan R. Moon, ya mwaka 2004, ni rahisi zaidi kufundisha. Pandemic ya Matt Leacock, ya mwaka 2008, inafaa familia inayogombana kila inaposhindana, kwa kuwa wachezaji wote huwa upande mmoja dhidi ya magonjwa yanayoenea duniani. Ila mjomba mjuaji akizoea kuwaamulia wengine hatua zao, ladha yote huisha. Michezo hii mitatu ni ghali, huuzwa katika maduka machache, na sishauri mtu ainunue kabla ya kuicheza kwa mwenye nayo.

Karata nimeziacha hadi sasa kwa makusudi, kwa sababu ndizo zenye thamani kubwa kwa pesa kidogo. Watu wengi hununua Uno, yenye kadi 108, iliyobuniwa na Merle Robbins huko Ohio mwaka 1971, wakisahau kwamba mchezo ambao Nairobi huuita poka, usiohusiana na ile poka ya kamari, unafanya yale yale kwa pakiti ya kawaida ya karata na jokeri zake mbili. Mtu anatupa mbili ya kopa. Wewe unayefuata utaokota kadi mbili, au ujibu kwa kadi ya kuokotesha, au uizuie kwa A. Nane na malkia ni maswali yanayotaka jibu la aina ile ile, J inamruka anayefuata, mfalme anageuza mzunguko, na jokeri anaokotesha tano. Anayekaribia kumaliza husema "niko kadi" kabla zamu yake haijarudi, na akisahau, hata kama amebaki na kadi moja nzuri mkononi, haruhusiwi kumaliza. Ubishi wa kama alisema au hakusema ndio nusu ya starehe. Ukilinganisha, poka ina ujanja zaidi, kwa kuwa kadi za nguvu hazimalizi mchezo na mtu hulazimika kupanga mwisho wake mapema. Uno inaishinda kwa jambo moja tu: alama zake zimechapwa wazi, kwa hiyo mtoto asiyeweza bado kukumbuka kwamba nane ni swali anaweza kucheza bila msaada. Nyumba yenye watoto wadogo inunue Uno, na nyumba yenye vijana na watu wazima inunue karata pakiti mbili, maana moja hupotea.

Wapenda maneno

Scrabble ina heshima kubwa barani Afrika, hasa tangu Wellington Jighere wa Nigeria alipotwaa ubingwa wa dunia wa Kiingereza mwaka 2015 huko Perth, Australia. Kwa wanafunzi wa sekondari wanaojenga msamiati wa Kiingereza sina cha kuweka mbele yake. Swali ni kama inafaa kuchezwa kwa Kiswahili, na jibu langu ni kwamba inafaa, ila si kwa vigae vilivyomo sandukuni.

Tazama hesabu yenyewe. Katika vigae 100 vya seti ya Kiingereza mna E 12, lakini A ni 9, U ni 4, M ni 2, W ni 2, na K ni kimoja tu. Neno dogo kama "kukaa" haliandikiki bila kutumia kigae kitupu, "wakawa" linamaliza W zote za seti, na Q na X hukaa mkononi hadi mwisho wa mchezo. Dawa ni kukata vigae vyenu vya katoni: ongezeni A hadi 16 hivi, K hadi 5 au 6, U, M na W zaidi ya maradufu, kisha ondoeni Q na X na mpunguze E. Mkishafanya hivyo, mchezo hubadilika kwa namna ya kupendeza. Mchezaji wa Kiingereza hutunza S ili aipachike mwishoni mwa neno la mwenzake, ilhali wa Kiswahili hutazama mwanzo wa neno: mwenzako akiandika "anapika", wewe unaweka W moja mbele na neno zima linakuwa lako, "wanapika", kwa kigae kimoja. Mkubaliane mapema kama vitenzi vilivyonyambuliwa vinaruhusiwa, la sivyo mtamaliza jioni mkiamua kama "wasipopikiana" ni neno.

Codenames, ya Vlaada Chvátil na ya mwaka 2015, ni afadhali zaidi kwa kundi la watu wanne hadi wanane ambao uwezo wao wa lugha haulingani. Maneno 25 hupangwa mraba, tano kwa tano, na kiongozi wa kila kundi hutoa dokezo la neno moja na nambari ili wenzake wayatambue maneno yao bila kuligusa lile la hatari, liitwalo la muuaji. Kwa kuwa ni maneno matupu kwenye karatasi, mnaweza kuandika yenu ya Kiswahili bila kupoteza chochote cha mchezo, na maneno yenye maana mbili tatu, kama kaa, paa na mbuzi, ndiyo yanayoleta vicheko. Raundi moja huchukua robo saa, na atakayefika amechelewa kwa ajili ya msongamano wa Thika Road huingia raundi ifuatayo.

Bao au sataranji

Kwa wawili wenye utulivu na wasiopenda bahati nasibu, uchaguzi hubaki kati ya hii miwili. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne na kete 64, ambazo kwa desturi ni mbegu za komwe. Kila mchezaji huanza na kete kumi ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa ndani ya shimo maalumu liitwalo nyumba, na 22 mkononi. Katika hatua ya kwanza, ya namua, huingiza kete moja kila zamu, na zikiisha huingia hatua ya pili, ya mtaji. Ukila kete za mwenzako, hazitoki mchezoni bali huzipanda upande wako kuanzia mwisho wa safu, na kete ya mwisho ikiangukia pazuri unakula tena, na tena, hata uso wote wa ubao unabadilika kwa zamu moja. Katika sataranji kipande kilicholiwa kimekwenda. Katika bao nguvu huhama tu, na aliyekuwa akishindwa anaweza kuinuka kwa zamu moja iliyohesabiwa vema.

Mimi napendelea bao, lakini napendekeza sataranji kwa wakazi wengi wa jijini, kwa sababu ya mwalimu. Sataranji mtu anaweza kujifunza peke yake hadi kiwango cha kuridhisha. Bao hufundishwa kwa mkono juu ya mkono, na mwanafunzi aliyejaribu kuielewa kanuni ya nyumba kwa kusoma hukata tamaa. Mwenye mzee kutoka Lamu, Mombasa au Unguja nyumbani asipoteze nafasi hiyo: waanze na bao la kujifunza, ambalo kete 32 zote za kila upande huwa ubaoni, mbilimbili katika kila shimo, kisha wapande. Wenye asili ya Nyanza wana ajua yao, ambayo ubao wake ni wa safu mbili na huzoeleka upesi zaidi.

Watoto, na pesa iliyofichwa

Kwa mtoto mwenye simu au tableti naona tofauti kubwa kati ya mchezo unaonunuliwa mara moja na ule wa bure unaouza vitu ndani yake. Minecraft huuzwa mara moja, na mtoto anaweza kujenga kwa miaka bila kuongeza kitu. Free Fire ni ya bure, huenda vizuri hata kwenye simu za bei nafuu, na ndiyo sababu watoto wengi wanayo, lakini almasi zake hununuliwa kwa pesa halisi, na Google Play hapa Kenya inapokea M-Pesa. Weka simu idai nenosiri kwa kila ununuzi, na nambari yako ya siri ya M-Pesa isijulikane na mtoto, hata yule mtiifu. Hata EA Sports FC ina pakiti za wachezaji zinazouzwa bila kujua kilichomo. Mamlaka ya kamari ya Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba pakiti za namna hiyo ni kamari, na EA ikaacha kuziuza nchini humo mwaka 2019. Kuhusu zile programu za kindege kinachopaa huku dau likiongezeka, sizihesabu kuwa michezo na hazina nafasi katika ulinganisho huu: hizo ni kamari, na sheria ya Kenya hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kuzigusa.

Binamu waliotawanyika, mmoja Umoja na mwingine Rongai, wanaweza kukutanishwa na Among Us, ile ya kumtafuta mlaghai aliyejificha kati ya wachezaji, ya mwaka 2018, ambayo ni ya bure kwenye simu na huchukua watu wanne hadi 15. Wapigiane simu ya pamoja badala ya kuandikiana, kwani raha yote iko katika kusikia sauti ya anayedanganya.

Ukinunua vya mtumba

Toi na Gikomba hutoa masanduku ya michezo ya mezani kwa bei ya kutupa, na muuzaji mara nyingi hajui kilichomo. Hesabu kabla ya kulipa: vigae 100 vya Scrabble, kadi 108 za Uno, vipande 32 vya sataranji. Askari mmoja wa sataranji aliyepotea huzibwa na kizibo cha soda, lakini Catan isiyo na vigae vyake vyote vya ardhi, au Pandemic isiyo na kadi za miji, haina dawa. Kwa konsoli ya mtumba, omba iwashwe pale dukani, uingie katika mechi, kisha uachie padi mezani bila kuigusa: mchezaji akianza kutembea peke yake, kijiti cha padi hiyo kimechoka, na bei ishushwe au padi ibadilishwe.